Udongo wa Bure wa Kiwanda cha Betri

Jumatatu, 3 Machi
Kiwanda cha betri kinabomolewa, panajengwa hospitali. Mtaa mzima unazungumzia wagonjwa. Mimi nawaza wauguzi. Wauguzi hulala mahali! Uani kwangu panatosha vyumba vinne vya kupangisha, ila ni shimoni, maji hutuama. Panataka kifusi. Na pale kiwandani wanachimba udongo kutwa na kuupeleka mbali kwa malori. Watu wana mali na hawajui.

Jumanne, 4 Machi
Dereva wa lori kakubali kumwaga kwangu. Safari inakuwa fupi, naye anapata usingizi wa mchana. Mzigo ulifunikwa turubai na kukazwa kamba kila upande. Dereva kavaa barakoa. Mafua, nadhani. Udongo unanukia kama stoo ya kiwanda, nilikofanya kazi zamani. Karibu nilie kwa kumbukumbu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alipita jioni. Ni mlinzi wa lango la kiwanda. Wamempa kofia ngumu ya manjano, anaivaa hata mezani. Aliuliza mbona udongo wangu una michirizi ya kijivu. Nikamwambia ale anyamaze. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kapanda mchicha pembeni ya kifusi. Kasema safari hii nimetumia akili. Tangu tuoane sijasikia neno hilo! Binti yetu mdogo kapika keki za matope, kazipanga kwenye kifuniko cha sufuria, kamwuzia kila mtu. Nilijifanya nakula.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kaja mbio, bila kofia. Hapo nikajua mambo yameharibika. Udongo ule umejaa risasi, madini ya kwenye betri. Unatakiwa kuzikwa shimo maalumu. Ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Mke wangu hakungoja nivae viatu. Alimbeba mtoto na kutangulia kliniki. Wamemtoa damu. Majibu Jumatatu.

Nimemnawisha mikono mpaka ngozi imejikunja. Akaniuliza, "Baba, keki zangu zilikuwa mbaya?"

Nikasema zilikuwa tamu. Nikaenda kukaa bafuni.

Jumapili, 9 Machi
Sijala. Mtoto akikohoa nasimama. Akinyamaza nasimama. Mke wangu anapita kama vile mimi ni kiti. Shemeji kaleta maziwa ya mtoto, na hakusema "nilikuambia." Afadhali angesema.

Jumatatu, 10 Machi
Damu safi! Muuguzi kasema arudi tena mwezi ujao kuhakikisha, ila kwa sasa hana neno. Niliketi bila kutazama kwenye kiti cha mgonjwa mwingine, naye alikuwa bado amekikalia.

Mchana wakaja watu wa ovaroli nyeupe. Wamezoa kifusi, mchicha, na udongo wangu halali chini yake. Shemeji alisimama ukingoni na kofia yake, akiwaelekeza kwa kidole. Nilikuwa na bonde. Sasa nina shimo la kumeza basi.

Mke wangu hatimaye alinena. "Siku ukileta tena kitu cha kiwanda hapa, toa nje na kitanda chako. Utalala nacho."

Nimeapa mbele ya shemeji. Udongo wa kiwanda, hata kijiko, sitaki.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua imejaza shimo. Nikawaza: wauguzi huoga. Maji yapo, kinachokosekana ni vyombo vya kuyahifadhi.

Nimekutana na dereva. Wamemwondoa kwenye udongo, sasa anabeba mapipa. Mapipa ya plastiki, ya buluu, mazima, yana vifuniko! Eti yanakwenda kuteketezwa. Na pipa si udongo. Nimepokea mawili tu, kwa majaribio. Yana kibandiko chenye picha ya fuvu, lakini kinabanduka vizuri kwa maji ya moto.

Kitanda nimekiweka nje, chini ya dirisha la jikoni. Hapo upepo haufiki.