Maji Yangu Yamo Bwawani

Jumatatu, 8 Agosti

Mvua tena. Siipendi mvua! Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tongala kusema hivyo ni kama padri kuchukia misa, ndiyo maana nayasema humu tu.

Sababu ninayo. Mwezi wa Mei nilinunua maji. Si ya kunywa wala ya kumwagilia majani. Ya kuuza! Kwetu maji ya bwawani yana soko lake kama ng'ombe. Unayanunua, unayaacha kule juu bwawani kwa jina lako, ukame ukija wenye mashamba wanakuja kukubembeleza, nawe unataja bei huku umekunja nne. Nimechukua yote ya jirani yangu, Merv Tuckett. Aliniuzia upesi mno. Hakubishana hata kidogo. Mpaka leo najiuliza alikuwa anajua nini.

Glenys, mke wangu, hana habari. Anadhani hela ya paa jipya la banda la kukamulia iko benki. Leo amekamua huku maji yakimdondokea shingoni. Kauliza fundi anakuja lini. Nikamwambia mafundi wa siku hizi si wa kuaminika.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimempigia Nerida Foyle, dalali wetu wa maji kule Echuca. Kaniambia niuze sasa hivi, hata kwa hasara. Eti bwawa likijaa, ya kwanza kumwagwa ni maji ya akiba, yaani ya watu kama mimi tuliobakiza ya msimu uliopita, ulioisha Juni. Eti ndiyo sheria, na nilisaini. Nilisaini lini? Halafu kwa nini ananihurumia? Dalali na huruma, wapi na wapi! Bila shaka kuna mnunuzi amemficha. Siuzi!

Merv kasimama kwenye uzio kuniuliza nimepata milimita ngapi. Huku kila mtu ana kipima mvua kwenye nguzo ya uzio, na milimita ndiyo salamu ya asubuhi. Nikamwambia sijatazama. Kacheka. Anacheka nini?

Jumamosi, 13 Agosti

Nimepata mpango. Bei ya maji inashuka kwa sababu watu wanaiamini mvua. Wakiacha kuiamini, itapanda. Kazi ndogo!

Leo kwenye mechi, matope hadi magotini, wanaume wote kibandani wanatangaza milimita zao huku wanatafuna pai za nyama. Thelathini na nane. Arobaini. Merv arobaini na mbili. Zamu yangu ikafika. Nikashusha pumzi, nikasema kwa huzuni: tatu.

Merv akauliza, hivi Des, wingu likifika kwenye uzio wako linaogopa mbwa? Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikawaeleza kwamba shamba langu liko kwenye kivuli cha mvua. Mimi na Merv tunatumia uzio mmoja! Lakini nimeona wawili watatu wameanza kuwaza.

Jumatatu, 22 Agosti

Siku mbaya. Nilikwenda Echuca mwenyewe, ofisini kwa Nerida. Nikamkuta mzee mmoja mkulima wa mpunga anatafuta maji ya kununua. Bahati iliyoje! Nikaketi karibu naye nikaanza kulalamika. Kwangu Tongala mvua imegoma, mzee wangu. Milimita tatu. Majani yamekauka, ng'ombe wanalamba vumbi. Akatikisa kichwa kwa uchungu. Akaniuliza nauza bei gani!

Redio ya Nerida ilikuwa inaongea yenyewe kwenye kona. Nikafungua mdomo kutaja bei, nikamsikia mke wangu. Redioni! Glenys ndiye mpasha habari za mvua wa Tongala, hupiga simu kila Jumatatu miaka nenda miaka rudi, nami kwa kiherehere changu nilikuwa nimesahau kabisa. Hapa kwetu, kwa Pomeroy, akasema kwa furaha, wiki hii milimita sabini na moja, na bata wanaogelea mlangoni mwa banda. Mtangazaji akampa hongera.

Mzee akanitazama taratibu. Akauliza, hivi ulisema unaitwa nani vile? Nikasema Tuckett.

Jumanne, 23 Agosti

Mzee wa mpunga kampigia Merv simu na kumtukana kwa zile milimita tatu. Merv akaja moja kwa moja jikoni kwetu. Glenys alikuwa anamimina chai. Merv akasema, sina kinyongo, bwana Des, ila kama yale maji niliyokuuzia yanakunyima usingizi hivyo, yauze upumzike. Glenys akauliza maji gani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliuliza tu kama paa lake limo bwawani. Nikasema, kwa namna fulani, ndiyo. Akanivalisha koti lake la mvua, akanifunga vifungo mpaka kidevuni kama mtoto wa shule, akasema kuanzia leo upande wa banda unaovuja nitakamua mimi. Niliona aibu kweli kweli.

Lakini hebu. Merv alijuaje kwamba Glenys atakuwa jikoni saa ile?

Jumapili, 9 Oktoba

Bwawa limejaa. Limefunguliwa. Watu wametoka miji yote na viti, watoto na aiskrimu kwenda kutazama maji yakimwagwa. Glenys alishikilia twende. Maji yalikuwa yanaruka meupe, na watu wanapiga makofi. Makofi! Mimi nimesimama natafuta yangu ni yapi. Glenys akanyoosha kidole. Lile pale, Des, paa langu linapita, lipungie mkono.

Merv akaniletea soseji na vitunguu ndani ya mkate. Machozi yakanitoka. Nikasema ni vitunguu.

Jumatano, 19 Oktoba

Glenys kauza mitamba wake, wale aliowalea kwa chupa. Kanunua mabati. Yamefika leo, yanang'aa, na fundi ni Jumatatu. Yeye kaenda kwa dada yake Bendigo hadi Jumapili, eti apumzike kuiona sura yangu. Kaniomba kitu kimoja tu: nisiyaguse. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wangu wote, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu na sikupenda kuyaona hivyo.

Ijumaa, 21 Oktoba

Merv kaja kunisaidia kuyapanga mabati. Katikati ya kufuta jasho akasema maji sasa hayana bei, yanatolewa karibu bure, hakuna mwenye akili anayeyagusa.

Kwa nini aniambie mimi? Tena sikumuuliza! Ana lake. Anataka kuyazoa yote peke yake kabla ukame haujaingia. Nimempigia Nerida nimwulize kama yapo. Akaniuliza kama najisikia vizuri. Naye yumo!

Nimempata mtu wa Kyabram wa kuyanunua mabati. Anakuja kesho saa tatu na lori. Nimemsisitizia asisahau turubai. Ni mapya kabisa yale, yasije yakalowa njiani.