Ukimya wa Saa Saba Mchana

Melis aligundua kwamba ukimya unauzika siku alipowasha drili ya shemeji yake, kujaribu tu kama inafanya kazi. Jirani alikuja mbio mlangoni, mtoto akimlilia begani, akamtia mkononi soseji nzima ya nyama ya farasi ili anyamaze.

Mtu wa kawaida angeomba radhi. Melis aliinusa ile soseji, kisha akaufikiria mji wote wa Bishkek: maghorofa ya zege yaliyopangana kama masanduku, kuta zinazopitisha hata kikohozi, na watoto wanaolazwa kila siku baada ya chakula cha mchana, wakati ambao hata mlevi hupanda ngazi kwa kunyata. Akaona bustani iliyoiva, isiyo na mlinzi.

Mahali pa kufanyia biashara palikuwapo. Binamu yake alikuwa amekwenda Moscow kutafuta maisha, akamwachia ufunguo wa fleti tupu ghorofa ya nne, katika jengo la mtaa wa pili. Drili ndiyo ilikuwa na neno. Mwenyewe alikuwa Kubat, mume wa dada yake, fundi ujenzi mwenye viganja kama makoleo, ambaye ndiye aliyempa Melis pa kulala. Kabla ya kupanda basi kwenda harusini Naryn, Kubat alimwambia, "Narudi Ijumaa jioni. Nisipoikuta drili yangu, shemeji, na wewe hutalikuta godoro lako."

Ufundi wenyewe Melis hakuujua. Aliweka bonge la zege ndani ya beseni la kuogea, akageuza swichi kwenye alama ya nyundo, akaegemea. Jengo likatetemeka kama jino bovu.

Majirani wakaja. Melis akawapokea na uso wa msibani.

"Jamani, mimi mtu wa kutumwa tu. Mwenye nyumba ni mkali, na kazi ina tarehe. Lakini kwa ajili ya watoto hawa..." Akashusha pumzi, mtu mwema aliyebanwa na dunia. "Nitamwambia ncha ya drili imevunjika. Ila ncha mpya ni ghali kidogo."

Wakachanga. Kesho yake ncha "ikavunjika" tena. Kufikia Ijumaa gunia lake lilikuwa na noti za som, soseji, jemu ya rasiberi, na soksi za sufu za mzee mmoja ambaye hakuwa na kingine cha kutoa.

Ijumaa hiyo aliteremka Batma wa ghorofa ya tano, mjane mnene mwenye meno ya dhahabu. Hakulalamika. Alilitazama koti jeusi la Melis kuanzia kola hadi pindo.

"Wiki nzima unatoboa zege, mwanangu?"

"Mgongo wote unauma, mama."

"Na koti linang'aa hivyo! Mungu akuzidishie." Kisha akasogea karibu. "Kesho mwanangu analeta mke. Zulia langu la ukutani bado limekunjwa sakafuni, ukuta uko uchi. Wakwe watasema binti yao kaletwa zizini. Nitundikie, nikupe kondoo."

Kondoo mzima! Melis alipanda ngazi akiwa tayari anasikia harufu ya mchuzi.

"Soketi zangu zimechoka," alisema Batma. "Nimevuta waya kutoka kwa Turgan, hapo mlango wa pili." Waya ulipita chini ya mlango, ukaingia hadi sebuleni.

Melis akainua drili kwa mkono mmoja, kama bastola.

"Unataka kumuua nani? Shika mpini wa pembeni, ikikwama itakuvunja kiwiko. Na hapo sipo! Waya wa taa unapanda wima juu ya swichi. Bi harusi akute maziko? Sogea huku. Vaa miwani. Funga utepe kwenye ncha, tundu lisipitilize likatokee kitandani kwa Turgan."

"Mama, mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nakukumbusha tu. Anza polepole. Usiegemee, acha nyundo ifanye kazi yake. Sasa rudisha ncha, vumbi litoke."

Vumbi likatoka. Likamwingia kichwani, puani, kwenye kope, kwenye koti. Tundu la kwanza lilikuwa zuri mno, hata Melis mwenyewe akalichungulia kwa heshima.

"La katikati linabeba uzito, linataka ncha nene," alisema Batma. "Kachomoe kwanza."

"Nitabadilisha hivi hivi, mama."

"Kwangu habadilishi mtu ncha na umeme umo. Nenda kachomoe."

Ni kanuni nzuri, na hakuna fundi mwenye vidole vyake vyote anayeipinga. Melis akailaza drili, akatoka. Nyuma yake mlango ukafungwa, kufuli ikalia. Mbele yake alisimama Turgan, dereva mstaafu, plagi mkononi na miguu peku. Zile soksi zilikuwa zake.

"Nimekuchomolea tayari," alisema Turgan kwa adabu.

Wakasikia ncha ikikazwa. "Haya, rudisha!" Batma akapaza sauti. Turgan akachomeka, na drili ikanguruma ndani.

"Mama! Fungua! Hiyo drili ni ya shemeji, anarudi leo!"

Mngurumo ukakoma.

"Mwanangu, mimi mtu wa kutumwa tu," sauti ikajibu. "Mwenye nyumba ni mkali, na kazi ina tarehe. Lakini kwa ajili ya shemeji yako..." Batma akashusha pumzi, ndefu kuliko ile ya Melis. "Lete gunia."

Milango yote ya ngazini ilikuwa wazi, na vichwa vimetokeza. Melis akaleta gunia. Turgan akavaa soksi zake palepale, bila haraka. Zulia lilipokwisha kutundikwa, drili ikatolewa, imefutwa, waya umekunjwa vizuri.

"Na kondoo wangu?"

"Atachinjwa kesho. Utakula na wageni wengine."

Melis akashuka mbio. Mlangoni mwa jengo la dada yake akagongana na Kubat, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Kubat aliitazama drili, kisha akamtazama Melis: mweupe kama mwoka mikate, kuanzia nywele hadi viatu. Macho ya yule fundi yakalowa.

"Shemeji! Umefanya kazi! Dada yako alisema utabadilika, mimi nikabisha." Akamkumbatia, vumbi likafuka. "Jumatatu alfajiri tunaondoka wote. Kuna jengo la ghorofa tisa, na halina hata tundu moja."

Melis akafungua mdomo atafute uongo wa kujiokoa. Akakohoa zege.