Tekla Mmoja Tu wa Bertrams

Jumatatu, 6 Juni 2011

Baridi ya kukata masikio. Hadi saa nne hakuna kichwa hata kimoja kilichoingia kwenye hema langu la kinyozi. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikawaza. Joséline amebakiza siku kama kumi. Nesi wa kliniki amesema ni msichana. Jina hana.

Si jambo dogo hili. Jengo letu lina Salvator watatu. Yupo Salvator Mnene wa chini, yupo Salvator wa Kwaya, halafu nipo mimi. Mimi naitwa Salvator Yule Mwingine. Mwaka juzi mama alinitumia ndagala, dagaa wa kwetu, kutoka Bujumbura, Salvator Mnene akazila zote. Nilipokwenda kudai, akaniuliza kama si kweli kwamba mfuko ulikuwa umeandikwa Salvator. Miaka sita katika mtaa huu wa Bertrams nimekuwa mwingine. Binti yangu hatakuwa mwingine wa mtu. Nimesema.

Jioni, nachemsha maji ya kuoga, jina likaja lenyewe. Tekla! Kila mtu analijua. Kuanzia Gitega hadi Kigoma, nani hakuwa na shangazi Tekla? Lakini nitajieni mtoto mmoja wa siku hizi anayeitwa hivyo. Hakuna. Nikamnong'oneza Joséline. Akalirudia mara mbili, akashika tumbo, akasema ndilo. Kisha akaniambia nifunge mdomo, maana kwetu jina halitoki nje kabla ya mtoto. Nimeapa.

Jumanne, 7 Juni

Kufunga mdomo, sawa. Lakini jina lazima lijaribiwe. Itakuwaje mwalimu wa Kizulu akishindwa kulitamka? Atampa mtoto jina lake, na mimi nitakuwa nimefanya kazi bure.

Nimebuni mbinu. Kila mteja, mashine ikishafika nyuma ya sikio, namwomba aseme Tekla mara moja. Sisemi la nani. Mtu mwenye mashine sikioni habishi. Leo wamepita tisa: Wazulu wawili, Wakongo wanne, Mnigeria, Mtanzania na mzee mmoja wa Zimbabwe. Wote wamelisema safi kabisa. Mzulu mmoja alisema sharp, jina zuri, la nani? Nikasema la mtu tu.

Tatizo, wanawake sinyoi. Kwa hiyo nikavuka barabara hadi saluni ya dada Thérèse, yule wa Lubumbashi. Wanawake watano wanasukwa, watatu kati yao wana mimba. Sikuona hatari yoyote. Niliuliza kijumla, kama mtu wa utafiti. Wamelipenda sana. Mmoja akaniomba nilirudie polepole.

Mama Mwanaasha wa Tanga, anayeuza chapati pale kona, alikuwa anasubiri zamu yake. Akaniambia, baba, hilo jina unalinadi kama mtumba. Nikacheka. Watu wa Tanga wana maneno.

Jumatano, 8 Juni

Hélène amejifungua alfajiri. Huyu ni mke wa Placide, fundi cherehani wa Bukavu, jirani yangu wa ukuta mmoja. Placide na mimi tunasalimiana vizuri, lakini kila ninachopanga mimi, yeye anakitimiza. Nilipanga kununua jiko la gesi, akanunua. Nilipanga kupaka chumba rangi ya kijani, nikaamka nikasikia harufu ya rangi.

Saa mbili akagonga na chupa ya Fanta. Ni msichana, akasema. Anaitwa Tekla.

Nikamuuliza amelitoa wapi. Akasema jana kuna mteja alikuja kupunguza suruali, kichwa kimenyolewa vizuri mno, anarudia jina hilo peke yake kama mtu anayefanya mazoezi. Nikainywa ile Fanta. Haikupita vizuri.

Joséline alikuwa anasikia yote. Placide alipotoka nikamwambia dunia ni ndogo. Akasema dunia ni kubwa ya kutosha, na mdomo wangu nao pia. Kisha akalia, si sana, akaupa ukuta uso wake. Hilo limeniuma kuliko ndagala. Nimemwahidi nitalirudisha jina lake.

Alhamisi, 9 Juni

Sasa wapo wawili! Damien, mlinzi wa maegesho kule Jeppestown, amekuja kunyoa akiwa na furaha tele. Mke wake ni mmoja wa wale watatu wa saluni. Mtoto amezaliwa jana. Sikumuuliza jina. Akaniambia tu.

Kidogo nimwache na upara wa upande mmoja. Lakini nimepeleleza: hakuna kati yao aliyekwishapanga foleni ya cheti cha kuzaliwa. Jina bado halijaandikwa popote. Kumwambia Placide aliache, hataliacha. Lazima alitapike mwenyewe. Na mtu hutapika chakula akiambiwa kilikuwa na nini.

Ijumaa, 10 Juni

Saa tatu nimemwambia dada Thérèse, kwa siri. Kwa Thérèse siri haidumu muda wa kukausha nywele, na ndicho nilichotaka. Nimemwambia kwetu Muyinga akina Tekla hawakai na waume. Mume akioa Tekla, masikio yanaanza kuziba. Mambo madogo madogo. Kifo sikukitaja, mimi ni Mkristo.

Saa saba mteja wangu akanisimulia habari za Tekla mmoja wa Uvira aliyeolewa mara nne, waume wote wakawa viziwi. Hiyo Uvira sikuiweka mimi. Nimemnyoa vizuri sana.

Jumapili, 12 Juni

Mtoto wa Damien tangu jana ni Tania. Bado mmoja.

Baada ya misa Placide akanivuta pembeni. Akasema, jirani, wewe Mrundi, hili jina la Tekla kwenu linasemwaje? Nikatazama viatu vyangu. Nikavuta pumzi. Nikamwambia mimi si mtu wa umbea. Hakuuliza tena. Jioni kupitia ukutani nimesikia wanamwita mtoto Jocelyne, karibu sawa na mke wangu.

Nimeshinda. Nilipopita mlangoni kwao Hélène alikuwa ameketi na blanketi la mtoto, anafumua herufi moja moja za uzi wa njano. T ilikuwa imeshatoka. Nimejisikia vibaya kiasi, nikaenda kumwambia Joséline kwamba jina lake limerudi, lakini alikuwa amelala.

Jumatatu, 13 Juni

Joséline alitaka kusukwa ili aende kujifungua akiwa nadhifu. Nikamwambia nenda, mama, jipendezeshe. Nilimsindikiza mwenyewe hadi kwa Thérèse. Mwenyewe!

Saa nane nikaitwa mbio. Uchungu umemshika kichwa kikiwa kimesukwa nusu. Tukapata teksi. Kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, akanikamata mkono, akasema Tekla hapana. Nikamwambia apumue. Kwenye robot ya pili akanieleza habari za waume wanne viziwi. Tulipofika robot ya tatu walikuwa sita, na mmoja alipigwa na radi.

Nikakiri. Nikamwambia yote nimeyatunga mimi, Ijumaa, kabla ya mteja wa kwanza. Akaniambia nisimdanganye ili tu nipate jina langu, maana Thérèse alimfahamu huyo Tekla uso kwa uso. Dereva akageuka akasema eish, habari hiyo hata yeye ameisikia.

Jumanne, 14 Juni

Amezaliwa. Kilo tatu na robo, vidole virefu, hasira za mama yake. Walipomweka mikononi mwangu nililia mbele ya watu, na sioni aibu. Nikamwita Tekla sikioni, kimya kimya, mara moja. Akafungua jicho moja. Joséline akanyoosha mikono nimrudishe.

Nikatoka kununua nepi. Dakika ishirini! Kurudi, kitabu cha kliniki kimeshajazwa. Blessing. Nesi ndiye aliyependekeza, Joséline akakubali, akasema hajawahi kusikia Blessing aliyemdhuru mtu. Nikauliza kama wino unafutika. Nesi akanitazama hadi nikaketi.

Alhamisi, 16 Juni

Sikukuu, hema nimefunga. Tuko nyumbani. Binti yangu ananyonya na kulala, na mimi siachi kumtazama. Ila jengo hili lina Blessing watatu tayari. Placide amekuja na gauni dogo alilomshonea, kitambaa kizuri, mkono safi. Kifuani amedarizi Blessing, na chini yake namba nne. Akasema ni kwa ajili ya kamba ya kuanikia, nguo zisipotee. Amefanya kwa moyo mweupe. Joséline amecheka hadi ameshika mbavu, mara ya kwanza wiki hii. Nimeshukuru, nikatoka nje kupunga hewa.

Namba nne. Mtoto wa siku mbili!

Dada Thérèse alikuwa anapanda ngazi kuja kummalizia Joséline nywele. Nikamsimamisha. Nikamwambia, kwa siri, kwamba kule Limpopo akina Blessing wakifika miaka mitano huanza kutembea usingizini, wengine hawarudi. Akashika mdomo. Nikamwomba asimwambie mtu, hasa Joséline. Akaapa, akaingia ndani.

Kufikia Jumatatu jengo hili litabakiwa na Blessing mmoja tu.