Kitunguu Kinaziba Ladha

Jumatatu, 3 Juni

Leo tena nimepakuliwa kiazi. Kiazi kimoja, wali mweupe wa juu, na mfupa ambao hata mbwa mwenye heshima zake angeuruka. Meza ya pili alikaa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeuza magodoro mkabala na duka letu la mabomba. Yeye alipata pande la nyama kubwa kama kiatu. Na viazi viwili. Na yai. Bei ni ile ile! Nilimwuliza mhudumu, yule tunayemwita Mwepesi kwa sababu hajawahi kuonekana akiharakisha, hiyo ni haki gani. Akasema sufuria ndiyo inayoamua.

Mgahawa wenyewe ni wa Kihindi, wa bei ya chini. Meza kumi na moja za plastiki, feni moja inayozunguka ikipenda, na biriani ambayo mjini haina mfano. Saa sita na nusu wanavunja donge la unga lililoziba mfuniko, na harufu inafika mpaka kwenye rafu yetu ya koki. Saa saba na robo kimebaki cha kukwangua. Mimi bosi ananiachia saa saba kamili. Shemeji hana bosi.

Nyumbani akamsimulia mke wangu habari za pande lile, tonge kwa tonge, kama mtu aliyerudi vitani. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Nimeapa. Haitaisha wiki hii kabla sijapakuliwa kama mtu.

Jumanne, 4 Juni

Mpango upo. Wale wa magazeti wanaoandika habari za migahawa hupewa kilicho bora, hilo halina ubishi. Uongo sitasema. Nitakaa na daftari, nitaonja, nitafumba macho, nitaandika. Wakijidanganya wenyewe, shauri yao.

Daftari nimechukua la stoo, lile la mabomba mabovu. Tai ni ya harusi yangu. Yenyewe ni ile ile, shingo ndiyo imeongezeka. Bosi nimemwambia kesho nina daktari wa meno. Ikabidi nimwambie hivyo hivyo na mke wangu, maana bosi ni mtu wa kupiga simu.

Jumatano, 5 Juni

Imeshika! Nilinusa maji ya kunywa. Nikaigeuza bilauri juu chini. Nikaandika maneno ya kwanza yaliyonijia: "Inchi mbili. Imepinda. Irudishwe." Mwepesi akaona, akakimbia. Ndiyo, alikimbia. Watu waliacha kutafuna.

Akaja mwenye mgahawa, Mzee Miwani. Ana miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji la uso, na sijui wa juu unatazama nini. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni mtu wa kuandika. Nikamjibu kwamba sote tulifundishwa kuandika. Akainamisha kichwa. Akasema mgeni kama mimi hakai chini.

Nikapandishwa ghorofani. Kitambaa mezani, feni yangu peke yangu. Ikaja supu ya dengu, ikaja mchicha na jibini, ikaja mikate myororo iliyopakwa siagi, ikaja sharabati. Nikaulizia biriani. Mzee Miwani akaona haya. Akasema kile ni chakula cha watu wa foleni, hawezi kunivunjia heshima.

Dirishani nilimwona shemeji. Mayai mawili.

Nyumbani mke wangu alikuwa amenipikia uji, kwa ajili ya meno.

Alhamisi, 6 Juni

Leo niliidai kwa ukali. Mzee Miwani akaileta kwa mikono yake, na nyuma yake akapanda mpishi mwenyewe. Wanamwita Mkimya. Ni mzee mwembamba, ana miaka thelathini na sufuria ile, na hakuna mteja aliyewahi kusikia sauti yake. Walisimama wanitazame nikila.

Mapande mawili. Wali unajitenga punje kwa punje, na kitunguu cha kukaanga juu yake, cheusi kidogo pembeni, kitamu kama dhambi. Machozi yalinilenga. Ningesema tu ni tamu, mambo yangekwisha. Lakini mtu mwenye daftari hawezi kusema tamu. Tamu husema shemeji. Wakangoja. Nikafungua mdomo, na duka zima la mabomba likatoka.

"Presha ya ladha ni nzuri," nilisema, "lakini kitunguu kinaziba."

Mzee Miwani akauliza kinaziba wapi. Nikasema kwenye kona. Akaandika kiganjani. Mkimya alinitazama bila kupepesa, akashuka ngazi moja moja.

Ijumaa, 7 Juni

Msiba. Biriani imetoka bila kitunguu. Ni wali uliopita karibu na nyama bila kusalimiana. Mlangoni wamebandika karatasi: BIRIANI MPYA, KWA USHAURI WA MTAALAMU. Fundi viatu alikula vijiko viwili akauliza nani amekufa. Saa saba na robo sufuria ilikuwa bado nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Shemeji aliacha nyama. Nyama!

Mwepesi ameniambia Mkimya ameketi uani juu ya gunia la vitunguu, amevua aproni. Jumatatu ndiyo siku yake ya mwisho. Akiondoka, sufuria hakuna mwingine anayeijua.

Leo tena uji. Sikuweza kukataa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kuungama. Nilimwambia Mzee Miwani ukweli mtupu, kwamba mimi nauza mabomba. Akatabasamu. Akasema amesikia kwamba wale wakubwa hasa hujificha. Nikamfungulia daftari asome mwenyewe. Akasoma "Imepinda, irudishwe", akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hata yeye alikuwa na mashaka na bilauri zile. Nikatoa koki mfukoni kama ushahidi. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa zawadi, akaiweka juu ya kabati pamoja na maua.

"Mzee, nakuomba, rudisha kitunguu," nikamwambia.

"Unanipima msimamo," akasema. "Sirudishi."

Jumapili, 9 Juni

Nimemwambia mke wangu kila kitu. Alisikiliza huku ameshika mwiko. Nikamaliza, nikangoja anihurumie. Akauliza jambo moja tu, kama meno yangu yana ubovu wowote. Nikasema hayana. Akamwaga uji uliokuwa jikoni, akaenda kumpigia kaka yake simu.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji hakuwa na mpango wowote. Ndilo linaloniuma. Alifunga duka saa nne, akaingia kwa mlango wa uani, akaketi kwenye ndoo kando ya Mkimya, akachukua kisu, akaanza kumenya kitunguu. Baada ya muda Mkimya naye akachukua kisu. Akaja fundi viatu. Akaja karani wa posta na mwenzake. Saa tano uani palikuwa na watu tisa wanamenya na kulia. Nami nilikuwa nyuma ya mlango, nina kitunguu kimoja, bosi akidhani ninang'olewa jino.

Mzee Miwani alitoka akauliza kuna nini. Shemeji akamwambia wanataka kitunguu chao. Mzee akasema mtaalamu amekataza. Hapo shemeji akageuka, akanielekezea kisu.

"Huyo ni shemeji yangu," akasema. "Anauza mabomba. Ni mtu mzuri, ila ana mambo."

Na mzee akamwamini papo hapo! Mimi nilimaliza Jumamosi nzima nikimpa ushahidi. Aliushusha ule miwani wa juu, akauweka juu ya mwingine, akanitazama kwa yote miwili. Sijawahi kuonekana vizuri hivyo.

Mkimya akavaa aproni. Sufuria ilifunguliwa saa saba kasoro, watu wakaipigia makofi. Nilikaa meza ya mwisho, karibu na ndoo ya mopu, na ndiko Mkimya alikonifuata na sahani. Ilikuwa kitunguu kitupu. Sahani nzima, hakuna hata punje ya wali.

"Kinaziba?" akauliza.

Mgahawa wote uligeuka. Sauti yake ni nyororo kama ya msomaji wa taarifa ya habari. Nilikula nikamaliza, mpaka cha pembeni. Nikasema hakizibi. Akachota kwenye sufuria, akaniwekea kipande cha nyama. Si kikubwa. Niliona haya, nikaona na njaa, nikakila.

Jumanne, 11 Juni

Nimepakuliwa kiazi.

Usiku kucha nimepima makosa yangu na nimeyaona. Gazeti halikufaa, kwa sababu mwandishi lazima aseme kitu. Ndugu wa damu halazimiki kusema chochote. Kuanzia kesho mimi ni binamu wa Mkimya, tuliopotezana utotoni. Yeye hasemi, kwa hiyo hawezi kukanusha. Mimi nami sisemi, kwa hiyo watu watauona ukoo wenyewe.

Nimeanza mazoezi tangu alfajiri. Mpaka sasa sijatamka neno. Mke wangu amesema hajawahi kupata asubuhi nzuri kama hii tangu tuoane, akanikaangia mayai mawili.

Mpango unakwenda vizuri sana.