Mabango Mawili kwenye Ukoka wa Wendell

Jumatatu, 12 Agosti

Khaa! Wamempa Wendell.

Mama Halvorsen, mwenye kiwanda, alitukusanya kantini saa nne. Akatangaza kwamba Ijumaa ya tarehe 23 ni siku ya kampuni yetu uwanjani. Tumewadhamini Mabata, timu ya besiboli ya mji, na mfanyakazi mmoja atarusha mpira wa kwanza, ule wa heshima wa kufungua mchezo, na kusema machache kwenye kipaza sauti. Sharti ni moja tu. Awe mtu ambaye hakuna anayejua anapigia kura chama gani.

Namwelewa. Ya pikiniki ya mwaka jana tuliyaona. Fundi mkuu wa kuchomelea aliombwa abariki chakula, akamchomeka gavana katikati ya dua. Mtu wa upande wa pili akaitikia amina kwa kumtupia soseji. Watu tisa walirudi nyumbani na haradali kichwani. Mpaka leo nusu ya mji hawanunui milango yetu ya gereji, eti ni milango ya wekundu, yaani Warepublican, na nusu nyingine hawanunui, eti ni ya wabuluu, yaani Wademokrat. Siku hizi ukisema tu kantini kwamba leo kuna joto, mtu anakuuliza una maana gani.

Basi, Wendell Kratz. Wa idara ya springi. Ana miaka saba hapa. Mimi nina kumi na tisa! Na kura yangu pia haijulikani! Nilimfuata mama ofisini nikamweleza hivyo kwa adabu zote. Akaniangalia, akasema ni kweli, Merle mwanangu, ila mimi sijawahi hata kujiuliza.

Sijawahi hata kujiuliza. Nimeyarudia njia nzima ya nyumbani.

Na kuna jingine. Baba nilishamwambia tangu Juni kwamba nitarusha mimi. Nilikuwa na hakika! Ujanani Baba alikuwa mdakaji wa timu ya mji huu. Sasa ana miaka themanini na minne, na meza yake nzima ya karata kule nyumba ya wazee wameshapanga basi la kuja kuniona.

Sina wivu. Natafuta haki yangu tu.

Jumatano, 14 Agosti

Dawa imepatikana. Mtu ambaye chama chake hakijulikani, dawa yake ni kumjulisha.

Ofisi ya Warepublican iko jirani na duka la rangi. Jana niliingia, nikaomba bango la Brandt anayegombea useneta wa jimbo. Jekundu, zuri, na miguu yake ya waya, la kusimika mbele ya nyumba ya mtu anayemuunga mkono. Bibi wa pale akaniongezea biskuti mbili. Leo saa kumi na moja alfajiri nikamtoa mbwa kutembea. Wendell anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Ukoka wake umekatwa sawasawa kama zulia, yaani unaudhi. Nyundo mara nne, bango likasimama. Mbwa hakubweka. Mbwa mwema.

Kazini, ala! Wachomeleaji wote ni wekundu, na wote hupita mtaa ule. Wamemletea Wendell donati! Wanampiga mgongoni, wanamwita ndugu yetu, wanasema walijua siku nyingi, macho yake tu yanaonyesha. Wendell anatafuna, anasema asante jamani, haelewi lolote. Mimi sikupata hata tundu la donati.

Lakini Mama Halvorsen alipita, akaona, akakunja uso. Vizuri. Mpira unakuja.

Ijumaa, 16 Agosti

Hauji.

Mama alimwita Wendell ofisini. Mimi kwa bahati nilikuwa nafunga kamba za viatu pale mlangoni. Nikamsikia Wendell akisema bango si lake. Lazima ni la mkewe, Noreen. Akasema wameoana miaka ishirini na sita, hawajawahi kuulizana habari za kura, na yeye hawezi kung'oa kitu alichopanda mke wake. Halafu nikasikia mtu anapenga kamasi. Mama analia! Akasema moyo kama huo ndio mji huu unaoukosa.

Viatu nilivifunga mara sita.

Haya. Kama wekundu wamempenda, sasa wamchukie. Kesho naenda kwa Wademokrat kuchukua bango la buluu. Mabango mawili kwenye ukoka mmoja! Wataona ni ndumilakuwili, na hakuna mtu anayempa ndumilakuwili kipaza sauti. Akili ninayo, sema tu haithaminiwi.

Jumapili, 18 Agosti

Nimelisimika wakiwa kanisani. La mama Delacourt, mpinzani wa Brandt. Nimeliweka hatua tatu kutoka kwa lile jekundu, yakitazamana.

Shida ndogo. Jirani yao, bibi mwenye miwani mikubwa, alichungulia juu ya ukuta akaniuliza nafanya nini na nyundo. Nikasema nimetoka kampuni ya gesi. Akauliza kampuni ya gesi inafanya kazi Jumapili? Nikamwambia, mama, gesi haijui Jumapili. Akaridhika. Nadhani.

Jumatatu, 19 Agosti

Mtumee! Yamekuwa mengine.

Wendell anaamini jekundu ni la Noreen, na la buluu pia, eti bado anapima. Noreen anaamini yote mawili ni ya Wendell, naye eti bado anapima. Kila mmoja kanyamaza kwa heshima ya mwenzake! Asubuhi nilipita na mbwa, nikamkuta Wendell anapalilia kuzunguka bango jekundu, taratibu, utadhani ni kaburi la mzazi. Jioni nikapita tena, Noreen analipangusa la buluu kwa kitambaa. Na watu wanasimamisha magari kutazama. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi.

Kazini, wachomeleaji hawakuchukia hata kidogo. Wanasema huyo ndiye mwanamume, kamwachia mkewe uhuru wake. Wabuluu wa idara ya rangi nao wanasema hayohayo, nao wamempikia pai ya tufaha. Meza moja, donati upande huu, pai upande ule, Wendell katikati anaumwa tumbo kwa kupendwa.

Mchana nikawakuta yeye na Noreen dukani, kwenye rafu ya jibini, wameshikana mikono. Miaka ishirini na sita ya ndoa! Nani ashikane mikono mbele ya jibini? Kijicho kimenipanda mpaka nikasahau nilichofuata dukani.

Jumanne, 20 Agosti

Gazeti la mji. Ukurasa wa mbele! Wendell na Noreen katikati ya mabango, wanatabasamu. Kichwa cha habari: NYUMBA MOJA, KURA MBILI, UPENDO MMOJA. Mama Halvorsen ameitundika picha hiyo kantini, pale ambapo palikuwa na picha yangu ya mfanyakazi wa mwezi, ya miaka kumi na moja iliyopita. Ni kweli ilikuwa imepauka. Lakini ilikuwa yangu.

Hotuba yake nayo imeongezwa, kutoka dakika mbili mpaka tano. Milango imeanza kuagizwa, na wekundu kwa wabuluu.

Mimi ndiye niliyepiga nyundo, yeye ndiye anayepigwa picha. Dunia hii!

Jumatano, 21 Agosti

Nimekwenda kwa Baba. Nilikwenda kumwambia ukweli, kwa roho safi kabisa.

Nikamkuta kitandani, anaipaka mafuta glavu yake ya kudakia, ile ya zamani. Nimeiomba glavu hiyo tangu nina miaka tisa. Kila mara husema nitaipata siku nitakayojua kurusha. Akaniambia Ijumaa ataivaa, ikitokea mpira umepotea njia. Kisha wenzake wakanifunulia kitambaa walichoshona, herufi kubwa za manjano: MERLE, MKONO WA CHUMA. Baba akawaambia, si niliwaambia? Huyu ni mwanangu.

Nikafungua mdomo kusema. Badala yake nikatia humo pudini ya Baba iliyokuwa mezani. Nikala yote, nikaaga.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimejipa moyo. Nikaingia kwa Mama Halvorsen, nikamwambia Wendell si shujaa wala nini. Mabango yale si yake wala ya mkewe, yamepandwa na mtu wa nje. Akauliza mtu gani. Nikaona namna alivyonitazama. Nikasema huenda ni kampuni ya gesi.

Akaandika kwenye daftari. Amesema atawapigia simu.

Ijumaa, 23 Agosti

Leo lazima niandike yote.

Uwanja ulijaa. Basi la wazee liliingia mapema, Baba mstari wa mbele na glavu yake, kitambaa kimening'inizwa kwenye uzio. Mimi nilijibanza nyuma ya kibanda cha soseji. Wendell yuko uwanjani na mpira wake. Mara nikasikia sauti ya bibi kutoka jukwaani, ile miwani! Anapiga kelele huku ananinyooshea kidole: we Wendell, we Noreen, yule pale ndiye mtu wa gesi! Yule aliyekuwa na nyundo kwenye ukoka wenu!

Noreen akamtazama Wendell. Wendell akamtazama Noreen. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Wendell akanijia polepole. Nikajiandaa kwa ngumi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, Merle, ni wewe? Yote mawili? Nikasema yote mawili. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti. Akasema kwa ajili ya mabango hayo yeye na mkewe wameongea zaidi wiki hii kuliko miaka kumi, na hata sasa hajui Noreen anampigia nani. Akauliza, lakini bwana, kwa nini? Wakati huohuo wazee wakaanza kuimba Merle, Merle, Mkono wa Chuma. Akasoma kitambaa. Akauliza yule mwenye glavu ni nani. Nikasema ni baba yangu. Nilimwambia nitarusha mimi.

Wendell akanipa mpira. Akaenda kwenye kipaza sauti, na zile dakika tano zote akazimaliza kwa sentensi moja: mpira wa kwanza leo unarushwa na rafiki yangu Merle Stenquist.

Rafiki yangu! Hata mbele ya watu hajui kuwa mbaya. Iliniuma kweli.

Nikarusha. Mpira ukaenda unakojua wenyewe, ukampiga tumboni bata wa timu, yaani yule mtu anayevaa mavazi ya bata. Na bata leo walimvisha tai ya buluu. Loh! Nusu ya uwanja wakasimama kunishangilia, wakisema nimewapa wabuluu wanachostahili. Nusu ya pili wakazomea. Nikaogopa, nikakimbia kumkumbatia bata nimwombe radhi. Wazomeaji wakashangilia, washangiliaji wakazomea. Soseji ya kwanza iliruka kabla sijamwachia.

Haradali mpaka masikioni. Lakini nikamwona Baba. Amesimama bila fimbo yake, anapiga makofi, analia.

Jumamosi, 24 Agosti

Mji mzima unabishana nampigia nani. Dukani watu wawili walikaribia kupigana juu yangu. Hatimaye wanajiuliza! Nimenunua magazeti sita.

Mama Halvorsen hakufurahi sana. Amesema mwaka ujao mpira wa kwanza utapelekwa na mbwa, kwa sababu mbwa hana kura. Na mbwa aliyemtaja ni wangu. Nimerudi nyumbani nikamkuta amelala kwenye kiti changu, hana habari. Chakula cha jioni nimempunguzia kidogo.

Jumapili, 25 Agosti

Nimekwenda kwa Baba kupokea pongezi. Mlangoni nikasikia vicheko. Nani yuko mezani na karata mkononi, mahali pangu? Wendell!

Baba ndiye aliyemwalika. Akaniambia nimerusha kama mama anayemwaga maji ya vyombo, lakini nimempa furaha, basi inatosha. Ila huyu mwenzako, akasema, huyu ana roho. Mtu anayempa mwenzake mpira wake huyo ndiye mchezaji. Wazee wote wakaitikia. Kisha akatia mkono chini ya mto, akaitoa ile glavu. Nikanyoosha mkono. Akampa Wendell.

Wendell akataka kunipa mimi. Baba akamkataza, akasema mpe siku atakayojua kurusha.

Nimekaa hapa jikoni. Sina wivu. Roho yangu ni nyeupe kabisa. Ila nimekumbuka kwamba kuna na chama cha kijani, kile kidogo, ofisi yao iko nyuma ya benki, na kesho wanafungua saa tatu. Jekundu na la buluu walivumilia. Hili la tatu, sidhani. Safari hii nitavaa kofia, na bibi wa miwani akiniuliza, nitasema nimetoka kampuni ya maji.