Dadu la Kumzuia Yasmina Asiende Kampala

Jumatatu, 7 Julai
Yasmina kapata kazi saluni Kampala. Anaondoka Jumamosi. Jumamosi hii! Mtoto ambaye hapa hapa mtaani kwetu Gitega anasahau mwavuli! Kumkataza siwezi, ana miaka ishirini na mbili na anajibu. Basi natengeneza mchezo wa dadu. Nimekata katoni ya sabuni, nimechora njia ya visanduku arobaini, kutoka mlangoni kwetu mpaka Kampala. Vifungo vya shati ndio watu. Kila kisanduku na balaa lake: mvua, mwizi wa simu, homa. Ukipatwa, unarudi kwa Mama. Atacheza, ataogopa, atabaki. Akili ninayo, shule tu ndiyo sikumaliza.

Jumanne, 8 Julai
Tumeujaribu. Mimi, Yasmina na Swafiya, fundi cherehani wa mlango wa pili, mjuaji wa kila kitu. Saa mbili nzima, hakuna aliyevuka Nyabugogo, stendi ya mabasi ya hapa hapa mjini. Swafiya akasema, Mama Yasmina, huu si mchezo, hii jela. Yasmina akacheka mpaka akalala mkekani. Haogopi! Tena anayerudi nyumbani nilikuwa nampa chapati, kumpoza roho. Swafiya karudi mara tisa. Makusudi!

Alhamisi, 10 Julai
Nimefuta chapati. Balaa nimepunguza, nimeweka moja kubwa: mpaka wa Gatuna. Kwetu magari yanapita kulia, Uganda kushoto. Kwa hiyo ukivuka Gatuna, hamisha kifungo upande wa pili. Ukisahau, umegongwa. Swafiya kagongwa mara nne, akasema katoni ina jini. Mimi mwenye mchezo, mara sita! Yasmina hata mara moja. Kafika Kampala mara tatu, ananipungia mkono. Nikasema vumbi limeniingia jichoni.

Jumapili, 13 Julai
Jana kaondoka. Leo kapiga simu. Kala, kalala vizuri. Wakati wa kuvuka barabara alitazama kulia kwanza, pikipiki ikampita mbele ya pua. Akasema, Mama, bila mchezo wako ningekuwa hospitali. Nimefurahi. Nimelia. Yaani nimemfundisha mwenyewe namna ya kuniacha! Swafiya akanishika bega, akasema watu wazima waachwe waende. Kweli kabisa, nikamjibu. Simtishi mtu tena.

Jumatatu, 14 Julai
Swafiya anahamia Gatsata! Kapata chumba kikubwa cha kushonea. Gatsata, na ule mlima, na yale malori! Anasema ni dakika kumi na tano tu kwa pikipiki. Nimechora visanduku mia moja na ishirini.