Mawese kwenye Egiyaje

Jumatatu, 2 Juni 2025
Egiyaje imegoma tena. Hizi reli zinazosogea ili treni ibadili njia zimekuwa nzito. Mimi na Faustin, mwenzangu wa kazi, tunavuta mkono wa chuma mpaka jasho, na treni ya mizigo inangoja nje ya gare, stesheni yetu. Mama Dorcelle, chef wetu anayetusimamia kazini, amesema atakayepata dawa yake ndiye atakuwa mkubwa wa timu. Faustin akashauri tukwangue kutu na kubadili sahani za chuma zilizolika, zile reli zinapotelezea. Kazi ya punda. Mimi nina akili.

Jumanne, 3 Juni
Grisi hakuna. Nimechukua mawese jikoni, mke wangu Glodie akiwa sokoni, nikamwaga yote jua likiwa kali. Ajabu! Mkono unavutika kwa vidole. Mama Dorcelle mwenyewe amejaribu, akacheka. Faustin anaendelea kukwangua kutu na brosi yake. Nimeanza kutembea kama mkubwa.

Jumatano, 4 Juni
Baridi ya kukata masikio. Mawese yameganda. Reli zimesogea nusu, zikakwama, na treni ya abiria imeshapiga honi konani. Nilivuta, nikaning'inia, nikaomba Mungu. Faustin ndiye aliyeikimbilia na bendera nyekundu. Ilisimama karibu sana, nikamwona mashinisti anayeiendesha akijifuta uso. Dirishani mama mmoja alikuwa akinyonyesha. 
Glodie hakugomba. Aliuliza tu:
"Weye haujaonaka mawese inagandaka mu chupa asubuyi?"
Nimeona. Kila mwaka.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekwangua mawese tangu asubuhi, Faustin kando yangu na brosi yake. Tumebadili sahani, tumepaka grisi aliyoomba kwa fundi wa magari. Jioni treni imepita bila kungoja, laini kama tonge la bukari kooni. Ukubwa amepewa Faustin. Nimempa mkono, nikitazama chini.
"Kazi tulifanya bawili," Faustin akamwambia Mama Dorcelle.
Nusura nilie.

Ijumaa, 6 Juni
Nimewaza sana. Mawese hayakuwa na kosa. Kosa ni la baridi! Kesho alfajiri, kabla Faustin hajafika, nitarudisha mawese na kuingiza mbabula ya Glodie, jiko lake la kupikia, imejaa makaa mekundu, chini ya egiyaje. Joto halitapotea bure: mbao zote zinazobeba reli pale zimelowa lami, na lami hupokea moto upesi.